Manyoya Kumi na Mawili

Saa 1:40 asubuhi, Jumanne tarehe 1 Julai, sakafuni chini ya kizimba palikuwa na manyoya kumi na manne ya kijivu na unyoya mmoja mwekundu. Kasuku alikuwa amesimama kwenye ufito wake wa chuma. Kifuani alikuwa na upara wenye ukubwa wa kiganja cha mtoto.

Nilikuwa daktari wa mifugo wa kituo hicho cha Isingiro, ambako wanyama wanaokamatwa mpakani hutunzwa mpaka kesi ziishe. Kasuku huyo alikamatwa Murongo tarehe 12 Juni, ndani ya dumu la lita ishirini lililokatwa ubavuni na kufungwa nyuma ya bodaboda. Nilimpokea mwenyewe. Gramu 431, macho safi, manyoya kamili, na mkiani manyoya kumi na mawili mekundu. Niliyahesabu mara mbili kwa sababu alikuwa kielelezo cha mahakama.

Ufunguo wa chumba chake tulikuwa nao watu wawili: mimi na Mzee Adelard, mhudumu wa wanyama, mkulima wa Nyakatuntu mwenye miaka hamsini na minane. Kila asubuhi nilimwamkia, naye aliitika kwa mzaha uleule: "Marahaba, Daktari. Umelala, au umesoma tu?"

Asubuhi hiyo nilimuuliza nani ameingia humo ndani.

"Mimi, wewe na mende."

"Na manyoya haya?"

"Muulize mwenye manyoya."

Sikucheka. Nilimpima ndege. Hakuwa na utitiri, kinyesi kilikuwa cha kawaida chini ya hadubini, ngozi haikuwa na alama ya jino la panya wala kucha ya paka. Aliyeyatoa manyoya yale aliyavuta moja moja.

Mchana nilikwenda dukani kwa Najat, ng'ambo ya geti, tulikokuwa tukinunua karanga na alizeti za ndege.

"Mekundu ya mkia?" aliuliza. "Hayo waganga wanayatafuta, Daktari. Babu yangu Pangani alikuwa na kasuku, haikupita wiki bila mtu kuja kuomba unyoya."

"Na hapa nani anayauza?"

"Mimi nauza karanga."

Ijumaa tarehe 4 mkia ulikuwa na manyoya manane. Manne yalikuwa yametoka, na sakafuni niliokota ule mmoja tu wa Jumanne. Matatu hayakuonekana. Kizimba kilifungwa, chumba kilifungwa, funguo mbili, watu wawili, na mmoja wa hao wawili nilikuwa mimi. Nilimwandikia barua mkuu wa kituo, Bi Mackrine, nikimtaja Adelard kuwa ndiye anayeng'oa manyoya ya kielelezo. Kikao kilipangwa Jumanne tarehe 8. Mkataba wa Adelard ulikuwa unaisha mwezi huohuo. Akionekana na hatia hangepata mwingine, na jalada lingekwenda polisi.

Tangu siku ile niliacha kumwamkia.

Jumamosi saa 11 jioni alinikabidhi ufunguo wake mpaka kikao kiishe. Nilifagia sakafu, nikafunga, nikaondoka na funguo zote mbili mfukoni.

Jumapili saa 1:15 asubuhi nilikuta manyoya mapya saba.

Nilikagua kufuli, halikuguswa. Nilipima nafasi za nondo za dirisha, zilikuwa sentimita mbili. Saa 4:00 niliegemeza simu yangu rafuni, nikawasha kamera, nikafunga mlango, nikakaa ofisini mpaka saa 6:00.

Video ilianza na ndege aliyetulia. Dakika ya 11 aliinamisha kichwa, akashika unyoya wa kifuani karibu kabisa na ngozi, akavuta. Alipiga ukelele. Kisha akaugeuza ule unyoya mdomoni, akautafuna shina lake, akauangusha. Dakika ya 14 alishika mwingine, akapiga ukelele tena. Hapakuwa na mtu chumbani. Hapakuwa na kitu chochote chumbani. Kulikuwa na ndege, nyaya, ufito wa chuma, bakuli mbili na sakafu safi.

Dakika ya 97 alijipinda mpaka akaufikia mkia. Aling'oa unyoya mwekundu, akautafuna taratibu mpaka ukawa nyuzi, na mabaki yakaangukia kwenye tundu la kutolea maji.

Nilikuwa nimeanza kuangalia nikiwa nimekaa. Nilipofika hapo nilijikuta nimesimama. Nilirudisha video nyuma, nikahesabu.

Kwa muda wa saa mbili, manyoya kumi na tisa.

Nilifungua wavu wa tundu lile kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na mashina manne mekundu yaliyotafunwa. Mkiani yalibaki saba. Saba, na manne, na ule mmoja wa Jumanne. Kumi na mawili. Hakuna aliyeiba chochote.

Ndipo nilipochukua daftari la kizimba na kulisoma kuanzia mwanzo, mwandiko ukiwa wangu.

Tarehe 20 Juni nilikuwa nimerudi kutoka mafunzo ya wiki moja Bukoba. Nilikuta Adelard amemjazia kasuku kizimba: shina la mkungu lililobaki baada ya ndizi kukatwa, tawi la kahawa, kamba za mgomba, mahindi ambayo hayajamenywa.

"Mzee, hiki ni kizimba au shamba?"

"Anahitaji kitu cha kuharibu, Daktari. Mdomo ule si wa kunywea uji."

Niliona ukungu na wadudu. Niliagiza vyote vitolewe na kizimba kioshwe kwa dawa ya kuua vijidudu. Niliandika: "Kizimba safi." Tarehe 24 niliandika: "Anauma nyaya." Tarehe 27: "Anayumbisha kichwa kushoto na kulia, dakika 40." Tarehe 1 Julai manyoya yalianza kutoka. Kila kitu nilikiona, nikakiandika kwa saa na dakika, kisha nikatafuta mwizi.

Saa 9 alasiri nilipanda bodaboda hadi Nyakatuntu. Mke wa Adelard, Laurensia, alikuwa uani akimenya ndizi.

"Polisi umekuja nao, au wanafuata?" aliniuliza bila kuinuka.

Adelard alikuwa nyuma ya nyumba akikata majani ya mgomba. "Shikamoo, Mzee," nilisema.

Alikata jani moja zaidi. "Marahaba. Kumbe salamu imepona?"

Nilimpa simu. Aliangalia akiwa amechuchumaa, panga likiwa magotini. Ukelele wa kwanza ulipotoka, Laurensia alikuja na kisu mkononi, akasimama nyuma yake. Walifika kwenye ule unyoya mwekundu.

"Zima," alisema Adelard.

"Anajila mwenyewe?" Laurensia aliuliza. "Ana njaa?"

"Hana njaa, mama," nilisema. "Hana cha kufanya."

"Na kwa hilo wewe ukamwandikia mume wangu barua. Leo kanisani hatukwenda. Tungekaa benchi gani?"

Nilisema, "Mzee, nimekukosea."

"Mimi umenikosea kwa barua," alisema. "Yule umemkosea kwa ufagio." Aliinuka, akakata shina la mkungu na tawi la kahawa, akavifunga kwa kamba ya mgomba, akanikabidhi. "Usivioshe kwa dawa yako."

Jumatatu ilikuwa Sabasaba, kituo kilifungwa. Nilining'iniza vile vitu kizimbani, nikaegemeza simu palepale, saa 4:00 hadi saa 6:00. Kasuku aliogopa lile shina kwa dakika 22. Kisha aliligusa kwa mdomo, akaruka nyuma, akarudi, akaanza kulichana. Aling'oa manyoya yake mawili. Jana yake yalikuwa kumi na tisa.

Jumanne saa 4:00 kikao kilikaa, Bi Mackrine na wajumbe wawili. Adelard alivaa koti la kanisani. Niliwaonyesha video ya Jumapili. Mjumbe mmoja alifunika mdomo kwa mkono, wa pili aliomba isimamishwe. Niliweka mezani yale mashina manne ya manyoya, kisha daftari.

"Vitu alivyoweka Mzee kizimbani vilitolewa kwa agizo la nani?" aliuliza Bi Mackrine.

"Langu."

"Mzee Adelard alipinga?"

"Alipinga."

"Ulimsikiliza?"

"Hapana."

Aliyaandika majibu yote matatu. Barua yangu ilifutwa na mkataba wa Adelard ukaongezwa mwaka mmoja. Onyo liliandikwa kwa jina langu, nikalitia saini.

Saa 5:10 Adelard alisaini na kupokea ufunguo. Saa 5:14 alifungua chumba, akabadilisha shina lililochakaa kwa jipya. Saa 5:31 kasuku alishuka kwenye ufito, akachana ganda la kwanza. Saa 6:02 alijing'oa unyoya mmoja kifuani, akapiga ukelele, akauangusha, akarudi kwenye shina la mkungu.