Tarumbeta ya Mkunga

Nyumbani tuliiita tarumbeta: kipande kifupi cha mti kilichotobolewa katikati, mwisho mmoja mpana, ambacho mama yangu, mkunga mstaafu, alikuwa akikiweka kwenye tumbo la mjamzito kusikiliza moyo wa mtoto. Idara ya makumbusho ya serikali ilipoomba vifaa vya zamani vya hospitali, Mama aliitoa mwenyewe, akapigwa picha, akala keki. Muda si mrefu akasahau yote, akaanza kupekua makabati.

"Umeiuza," ananiambia kila asubuhi.

"Iko serikalini, Mama!"

"Eti?"

Masikio nayo yamekwisha. Kwa kelele zangu, mtaa mzima unajua tarumbeta iko serikalini.

Nikaenda kuiomba. Ofisa, binti mpole mwenye mimba kubwa, akanionyesha namba iliyobandikwa juu ya tarumbeta.

"Ikishaingia humu ni mali ya serikali, mama. Sina uwezo. Labda umlete bibi aishike kidogo."

Nikamleta. Akavishwa glavu, akapewa tarumbeta. Akamtazama ofisa, akasema, "Lala hapo, mwanangu," kwa sauti ambayo sijaisikia tangu astaafu.

Ofisa akacheka, akaegemea kiti. "Haya bibi, nisikilizie huyu mkorofi."

Mama akainama, akatega sikio. Mikono haikutetemeka hata kidogo. Nikafurahi, mjinga mimi. Akahamia upande wa pili, akarudi, akakandamiza. Uso ukaanza kumbadilika, ndipo nikashtuka.

"Mama, ni masikio yako!"

"Nyamaza." Akainuka, machozi yanamtoka. "Pole, mwanangu. Simsikii."

Ofisa akaushika mkono wa Mama, akaubandika tumboni. "Anacheza, bibi! Huyu hapa, anapiga teke!"

Mama akautoa mkono taratibu, akampapasa shavu.

"Wote husema hivyo, mwanangu."

Tarumbeta ikarudi kabatini kwao. Mama haiulizi tena. Sasa kila asubuhi anauliza kama yule binti aliyefiwa ana mtu wa kumwangalia. Nimepiga kelele mpaka koo limekauka. Nimemwandikia kwenye karatasi kwamba mtoto yu hai, akaikunja akaiweka chini ya mto.

Ofisa alipojifungua alinitumia picha. Nikakimbia nayo kwa Mama.

"Mtoto wa yule binti! Mzima!"

Aliitazama kwa furaha, akaishika karibu na macho.

"Mzuri huyu," akasema. "Ila usije ukamwonyesha yule binti. Utamtonesha kidonda."