Rangi za Mzee Zuberi

Sikuzaliwa mpole, na sitaki mtu anisingizie upole. Ila mwaka ule wa 2002 nilizidi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, najua kompyuta, na Lushoto nzima wenye kuijua tungetosha kukaa benchi moja. Cheti changu cha Tanga nilikibandika ukutani juu ya meza, mahali ambapo kila anayeingia lazima akione. Mtu asipokiona, nilikuwa nakitazama mimi mpaka na yeye atazame.

Nilikuwa karani wa kompyuta kwenye ofisi ya mradi wa ng'ombe wa maziwa, ile kopa ng'ombe lipa ndama. Mkulima anajenga banda, anapanda majani kwenye makinga maji, bwana mifugo anakuja kukagua. Akiwa tayari anapewa mtamba mwenye mimba, na ndama jike wa kwanza anampa mwenzake anayefuata. Kwa miaka kadhaa mambo yalikwenda hivyo. Halafu wafadhili wakasema wanaondoka. Wamebaki mitamba kumi na wanane, wa mwisho. Asiyepata safari hiyo ndiyo basi tena.

Makao makuu Tanga wakaagiza orodha zote ziwekwe kwenye databesi moja, kompyuta yenyewe ichague wakulima kumi na wanane wa kuwapata. Bwana Mathayo, mkuu wetu, akaja na karatasi ya faksi mkononi.

"Raheli, ukiimaliza hii vizuri wanakutaka Tanga. Wameniambia wenyewe."

Jamani, Tanga! Nilishajiona nimepanga chumba Ngamiani, nanunua feni.

Basi nikafungua mafaili. Yalikuwa arobaini na moja, kila kijiji na faili lake, na kila bwana mifugo alikuwa amechora jedwali lake anavyojua yeye. Huyu anaanza na jina, yule anaanza na kitongoji. Mwingine kaandika tarehe "3/00", mwingine "Machi, baada ya mvua". Lakini mabaya kuliko yote yalikuwa kumi na mawili ya Mzee Zuberi. Mzee Zuberi alikuwa bwana mifugo wetu mkongwe, akapunguzwa kazi mwaka uliotangulia pamoja na wenzake sita. Mafaili yake yalikuwa rangi tupu. Mistari ya njano, ya kijani, mingine haina rangi kabisa. Safu ya "Tayari", ambayo wenzake waliandika ndiyo au hapana, yeye aliiacha wazi juu mpaka chini. Alipokuwa bado kazini nilimwita Mzee wa Chekechea, na alisikia, kwa sababu sikusema kwa sauti ndogo.

Ningeyafungua moja moja ningemaliza Krismasi. Nikaandika makro, yaani maagizo ambayo kompyuta inayafuata yenyewe: fungua faili, soma mstari, panga jina, kijiji, tarehe, tayari, andika kwa maneno matupu bila rangi, yaliyotengwa kwa mkato, funga, nenda faili linalofuata. Ilinichukua siku nne kuiandika. Kuiendesha ilichukua dakika sita! Niliita ofisi nzima waje waone, mpaka mlinzi.

Kulikuwa na kikwazo kimoja tu. Databesi ililalamika kila ikikuta nafasi tupu kwenye "Tayari". Nikaiambia makro: ukikuta tupu, andika hapana. Sikumuuliza mtu. Nilijua vijiji kumi na viwili vya Mzee Zuberi vitatoka hapana vyote, nikasema moyoni, shauri yake, angejaza. Halafu kompyuta ikalalamika kwamba imejaa, nikafuta mafaili ya zamani yote arobaini na moja. Ya nini tena? Kila kitu kilikuwa kwenye databesi.

Orodha ya hao kumi na wanane tukaituma Tanga Jumatatu, na nakala tukabandika mlangoni.

Jumatano akaja mama mmoja kutoka Mgwashi. Namjua, maana Mgwashi ndiko kwetu. Mama Asha, mjane, shamba lake na letu limetenganishwa na mfereji. Alikuwa ameshatembea na kupanda gari tangu alfajiri, kanga yake imelowa ukungu mpaka magotini. Akanisalimia kwa Kishambaa. Nikamjibu kwa Kiswahili cha ofisini, "Karibu, nikusaidie nini?" Hata shikamoo sikumpa. Naandika hili na uso unaniwaka.

"Jina langu sikuliona mlangoni, mwanangu," akasema. "Nikasema labda nimesoma vibaya."

Nikabonyeza. "Shekalaghe, Mgwashi. Tayari: hapana. Hujawa tayari, mama."

"Banda lipo. Mzee Zuberi alilikagua mwenyewe. Majani nimeyakata na kuyapanda upya mara tatu, yakikomaa nampa jirani, napanda mengine, ili mtamba akija ayakute mabichi."

"Mama, mimi sijui habari za banda. Kompyuta ndiyo inasema hapana, na kompyuta haina shangazi wala mjomba."

Nilidhani atanitukana, na ningemjibu. Akakunja kanga yake vizuri begani.

"Basi, mwanangu. Msalimie mama."

Akatoka. Nikaendelea na kazi, lakini ile "msalimie mama" ikanikaa vibaya. Mtu aliyenyimwa ng'ombe wa mwisho hasalimii mama wa mtu. Banda lake nalijua. Nikienda likizo napita mbele yake: mabati mapya, sakafu ya mawe, hori limesuguliwa na halijawahi kulisha hata mbuzi. Sasa kama lile halikuwa tayari, lipi lilikuwa tayari?

Hapo ndipo nilipokumbuka njano.

Nilijaribu kurudisha mafaili mpaka jioni. Wapi! Yamekwenda. Nilichobakiwa nacho ni databesi yangu nzuri, imejaa hapana za vijiji kumi na viwili. Mitamba wanafika Jumanne. Alhamisi asubuhi nikamuaga Bwana Mathayo kwamba naumwa tumbo, nikaenda Kwai, kijijini kwake, kumtafuta Mzee wa Chekechea.

Nilimkuta kwenye mfereji anaosha karoti, suruali ameikunja, anazikanyaga ndani ya gunia ili udongo utoke. Nikapiga magoti nikamwamkia.

"Marahaba. Nani huyo? Aa, bibi kompyuta. Leo rangi zimekuleta?"

Nikavua viatu nikaingia majini, nikakanyaga gunia la pili. Maji ya Kwai asubuhi yanauma mpaka mfupa. Tulikanyaga mpaka karoti zikang'aa, kisha nikamweleza yote, makro, hapana, na kufuta. La kufuta nililisema mwisho, kwa sauti ya chini kuliko niliyotumia siku ile kumtukana.

"Njano ni tayari," akasema. "Kijani ameshapata. Isiyo na rangi bado."

"Sasa mzee, kwa nini usiandike tu?"

"Orodha zinabandikwa wapi?"

"Mlango wa ofisi ya kijiji."

"Na printa yetu inatoa rangi gani?"

"Nyeusi."

"Haya." Akajipangusa mikono. "Nikiandika hapana mbele ya jina la mtu, kesho yake watoto wanamcheka kisimani. Yule banda lake bovu, yule hana majani. Na mtu akishachekwa habomoi banda alijenge upya, analiacha. Nikapaka rangi. Kwenye kompyuta naona mimi, ukutani wote sawa. Hakuna aliyewahi kuaibika kwa karatasi yangu, Raheli."

Tangu nianze kazi nilimcheka mtu yule. Nilitamani mfereji unichukue na karoti zake.

Akaingia ndani, akatoka na daftari kubwa la kaunta. Alikuwa ameandika kila kijiji kwa mkono, na kupaka kwa penseli za rangi za wajukuu. Nusu ya moyo wangu ikarudi mahali pake. Nikafungua ukurasa wa Mgwashi. Mama Asha alikuwa namba nne, na hakuwa njano. Alikuwa bluu. Bluu peke yake katika ukurasa mzima.

"Hii ni nini?"

Mzee Zuberi akachagua karoti iliyovunjika akaitupa pembeni.

"Hiyo si ya mradi, ni yangu. Zamu yake ilifika, na mtamba nilishamletea. Akaniambia, Bwana Zuberi, yupo mwenzangu ana shida kuliko mimi leo, mpe yeye, na asijue. Nikamwahidi safari ijayo yeye atakuwa wa kwanza, nikaweka bluu nisije nikasahau. Safari ijayo ikachelewa, na mimi nikapunguzwa."

"Alimpisha nani?"

"Nimeshakwambia, niliahidi."

Hakuniambia, Mungu ni shahidi. Lakini kazi yangu ni kusoma majedwali. Namba moja kijani, mbili kijani, tatu kijani, nne bluu, tano mpaka thelathini njano au tupu. Halafu chini kabisa, namba thelathini na moja, kijani nje ya zamu, Machi 2000.

Marta Fanueli. Mama yangu.

Baba alifariki Januari mwaka ule. Nilikuwa nimeshapata nafasi ya chuo Tanga, na mama alikuwa ameniambia nisahau. Machi akaja Maua, ng'ombe wetu, ana mimba ya miezi saba. Nyumbani tulisema ni Mungu na mradi. Maziwa ya Maua ndiyo yaliyonipeleka Tanga, na cheti kile pale ukutani kilitoka kwenye kiwele chake. Na Mama Asha alisimama chini ya cheti kile, kanga imelowa, nikamwambia kompyuta haina shangazi wala mjomba.

Nililia. Sioni sababu ya kuficha. Nililia miguu ikiwa ndani ya maji, na Mzee Zuberi akajifanya anafunga magunia.

Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo ila chungu. Ijumaa nikaweka daftari mbele ya Bwana Mathayo, nikamwambia nani alifuta na nani aliandika hapana. Alinigombeza mpaka mlinzi akachungulia. Orodha ilishapokelewa, Tanga watatuonaje, na kadhalika.

"Na huyu wa bluu? Nitawaambia nini, kwamba kuna rangi?"

"Waambie zamu yake ilifika mwaka 2000 akampisha mwenzake. Sababu iandike kwenye barua. Kwenye orodha ya mlangoni usiandike."

"Barua utaiandika wewe, na jina lako liwe chini."

Nikaiandika. Nikaingiza njano zote kwa mkono, vijiji kumi na viwili, na nafasi tupu nikaziacha tupu, databesi ikilalamika ilalamike. Jumatatu ikarudi faksi: orodha mpya imekubaliwa. Chini yake mstari mmoja, kwamba ile nafasi ya karani Tanga watamtafuta mwingine. Kusema kweli iliniuma. Feni nilishaichagua hata rangi.

Jumanne lori likapanda Mgwashi na mitamba watatu. Mama Asha akaitwa wa kwanza. Alishika kamba kwa mikono miwili, hacheki wala halii, anamtazama tu yule mtamba machoni. Nikamsogelea nikapiga magoti pale pale kwenye tope, mbele ya watu wote, na sketi yangu ya ofisini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Inuka, utachafuka."

Nikamsindikiza, mimi nyuma nikimswaga mtamba kwa kijiti. Tulipofika kwenye mfereji, watu wakiwa mbali, nikashindwa kujizuia.

"Mama, siku ile ofisini, mbona hukuniambia?"

Hakuuliza nazungumzia nini. Alisimama, akavuta kamba kidogo mtamba asikanyage maharage yetu.

"Ningekwambia, ungenipa kwa ajili ya mama yako. Mimi nilitaka zamu yangu."

Akafungua mlango wa banda. Horini mlikuwa na majani yamejaa, mabichi, yana umande bado. Mtamba akaingia akaanza kula kama aliyezaliwa mle ndani. Ng'ambo ya mfereji mama yangu alikuwa anamkamua Maua. Alinyoosha mgongo, akapunga mkono kwa furaha, akapaza sauti.

"Hongera, Mama Asha! Hata wewe Mungu amekukumbuka!"

Mama Asha akanitazama, akaweka kidole mdomoni, kisha akampungia.

"Amenikumbuka, Mama Raheli," akajibu. "Amenikumbuka."