Barabara Zote za Ombeni Zinaishia Konani

Mchana, baada ya kumeza vidonge vya maumivu, Ombeni Msangi anajilaza kitandani na kuusikia mguu wa kulia ukivuta, kama unavyovuta kila siku tangu miaka tisa iliyopita, pikipiki yake ya abiria ilipovaana na lori kwenye kona. Mguu uliungwa kwa vyuma, ukabaki mfupi. Kichwa nacho kiligongwa, na hicho hakuna aliyekiunga. Maneno humtoroka, na hasira ambazo zamani hakuwa nazo humpanda ghafla. Leo asubuhi alitaka kijiko, jina la kijiko likagoma kuja, akaipiga meza ngumi, na uji wa moto ukamrukia mkewe Nakunda mkononi. Nakunda hakulia. Aliuchovya mkono kwenye maji, akatoka nje, na tangu hapo hawajasemeshana. Usingizi unamkuta na jambo hilo kifuani, na kabla hajajua kama amelala, kitanda kinakuwa barabara, naye amesimama juu yake bila fimbo.

Anatembea. Miguu inalingana, lami ni laini, na kwa furaha anaongeza mwendo hadi anafika kwenye kona, ile kona, yenye shamba la mkonge upande mmoja na korongo upande wa pili. Anageuka, anashika njia nyingine, inapanda, inashuka, inapita katikati ya mji wa nyumba za vioo, na mbele yake kona ni ileile. Anashika ya tatu. Kona. Vioo vya nyumba vinamwonyesha akichechemea, ingawa hachechemei. Pembeni amesimama mtu mwenye helmeti, na nyuma ya kioo chake hakuna uso. Kaka, nionyeshe pa kutokea, Ombeni anamwambia. Nimtoe yupi, mtu yule anauliza, aliyeondoka nyumbani asubuhi au aliyeletwa nyumbani amebebwa? Mimi ni mmoja tu, Ombeni anafoka, nitoe! Hiyo ni sauti ya aliyebebwa, mtu yule anasema, na anamfungulia mlango.

Ndani ni kwake. Nakunda anakunja nguo, mkono umefungwa kitambaa, na anamtazama kama mtu anavyomtazama mgeni. Karibu, anasema, unamtafuta nani? Mama Elia, ni mimi mumeo. Mwenye nyumba hayupo, Nakunda anasema, ametoka na pikipiki. Alikuwa mtu wa utani, yule. Wewe ulipoletwa na vyuma vyako nilikuogesha, nikakulisha, huku nangoja uondoke ili yeye arudi. Ombeni anakimbilia mlangoni akamlete. Nje ni kona. Anafungua dirisha, kona, dirisha la pili, kona, na kila anapogeuka chumba kimepungua, hadi mabega yake yanagusa kuta na hana tena pa kukimbilia. Anakaa chini. Mguu unarudi kuwa mfupi, na maumivu yanarudi nao. Hatarudi, Mama Elia, anasema. Hata mimi nilikuwa namngoja. Nakunda anaacha kukunja. Ombeni anatafuta neno la kuomba radhi, halipo, yanakuja mengine, betri, mvua, sufuria, na safari hii hapigi kitu. Anaushika mkono wa Nakunda ulioungua na kuupuliza, taratibu, mpaka mwanga unamjaa machoni.

Jua liko kwenye pazia. Nakunda amekaa kitini kando ya kitanda. Nisamehe, Ombeni anasema, na neno limekuja lenyewe, zima. Sikukusudia kukuunguza.

Mbona umeshaniomba radhi, Nakunda anajibu polepole. Sasa hivi, umekaa hapo sakafuni, umenipuliza mkono. Umesema mvua, umesema betri. Nimekuelewa.

Ombeni anatazama sakafu. Anajaribu kukumbuka alishuka saa ngapi, alipandaje tena bila fimbo, na hakumbuki, na hajui kama ni kichwa chake kilichosahau au hakushuka kamwe. Hathubutu kutazama dirishani, asije akaiona kona. Na yule mwingine, aliyetoka na pikipiki, anauliza, bado unamngoja?

Nakunda anamwekea mkono kwenye paji la uso.

Yupi? anasema.