Mikebe Saba ya Borghild

Mikebe ilikuwa saba, imepangwa juu ya kabati kama kila Desemba, na Sigrun alipoiona akashusha pumzi. Mama yuko sawa. Pwani ile ya Norwei mwanamke asiyefikisha aina saba za biskuti kabla ya Krismasi husemwa mpaka Pasaka, na Borghild, miaka sabini na tisa sasa, alikuwa hajawahi kusemwa. Mtu anayeoka aina saba ana akili zake timamu. Ndivyo alivyojiambia Sigrun, na ndivyo angekuambia jirani yeyote pale kijijini Skarvik, maana wote wamelelewa hivyo. Kosa lenyewe lilianzia hapo.

Mgonjwa alikuwa baba. Hilo halikuwa na ubishi. Kila Jumapili jioni Sigrun alipiga simu kutoka Bergen, na kila Jumapili mama alikuwa na jipya la kumshtaki mumewe. Oddvar kaweka miwani kwenye friji. Oddvar kaunguza viazi mpaka sufuria ikatoboka. Oddvar kawasha gari, kaliacha linanguruma uani nusu siku. Sigrun huuliza, baba, ni kweli hayo? Na mzee yule, fundi wa injini za kivuko kwa miaka arobaini, mtu aliyejua kila nati iko wapi hata gizani, hujibu kutoka nyuma kwa upole kwamba ndiyo, mwanangu, ni mimi, uzee huu.

Basi Sigrun akafanya anachokijua yeye. Ni mtu wa mafaili na tarehe, hawezi kukaa na jambo likimkera. Akajaza fomu ya halmashauri, kurasa nne, zote kwa maneno ya mama yake, akaomba baba apimwe kumbukumbu. Tena hakuishia hapo. Bila kumwambia mzee, akamwombea chumba kwenye nyumba ya kutunzia wazee, ng'ambo ya kivuko. Mama alikubali kwenye simu, akasema mpeleke tu, mimi nitajimudu. Jibu lilikuwa ndani ya mkoba wa Sigrun asubuhi hiyo: chumba kipo kuanzia tarehe tano Januari, kinachosubiriwa ni matokeo ya kipimo. Oddvar angehama. Borghild angebaki peke yake na jiko lake na mikebe yake saba.

Muuguzi wa kipimo alifika saa nne. Jina lake Ingunn, mwanamke mfupi wa makamo. Akavua buti mlangoni, akaingia na soksi zake za sufu na bahasha kwapani. Akamwomba Borghild aandae kahawa bila haraka, kisha akafunga mlango wa sebule. Sigrun aliruhusiwa kukaa, ila kwa sharti moja: asimsaidie baba yake hata kwa kope.

Ingunn akampa mzee maneno matatu ayashike, daraja, sufu, njegere, akamwambia atamdai baadaye. Kisha akaanza. Huu ni mwezi gani? Juni, akasema Oddvar, na theluji imefika magotini nje ya dirisha. Mwaka je? Akautaja wa miaka kumi na tano nyuma. Akapewa karatasi achore saa. Akachora duara safi, duara la fundi, halafu namba zote kumi na mbili akazirundika upande wa kushoto. Mia ukitoa saba? Hamsini. Na yale maneno matatu? Mzee akatikisa kichwa. Hakuna hata moja.

Sigrun alikuwa amejiandaa kwa mabaya, lakini si kwa haya. Oktoba tu mtu huyuhuyu alimfungulia injini ya gari uani, akaifunga tena bila kubakiza hata skrubu moja, na leo hajui kama ni kiangazi au Krismasi! Machozi yakamlenga. Alitaka kusimama amkumbatie, akalikumbuka sharti, akabaki anauma mdomo. Ingunn naye hakuandika kitu kwa muda. Alimtazama mzee, akaitazama ile saa, akamtazama tena. Mwisho akasema basi, tunywe kahawa.

Borghild akaingia na sinia. Aina zote saba zilikuwa kwenye sahani, maana kumwekea mgeni sita ni kama kumwambia aende. Ingunn akachukua ile ya koni, nyembamba kama karatasi, inayochomwa kati ya vyuma viwili vya duara, pasi yao ya kuokea, na kuviringishwa ingali ya moto. Ikamvunjikia mdomoni. Akaisifu, na kama adabu ya kule inavyotaka, akauliza Bi Borghild anatia nini humu mpaka zinatoka hivi.

Borghild akacheka. Akasema si kazi ngumu, ni vitu vya kawaida tu. Vipi hivyo, akauliza Ingunn. Vya kawaida, mwenzangu, akasema Borghild, unga, halafu, halafu. Mkono wake ukaanza kuzunguka hewani kana kwamba unakoroga kitu kwenye bakuli. Akamgeukia mumewe.

Hakuna aliyemwuliza Oddvar. Lakini alijibu, harakaharaka, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyezoea.

"Mayai manne. Sukari kwa uzito wa mayai, siagi hivyohivyo, unga hivyohivyo. Iliki kijiko cha chai, uitwange mwenyewe, ya dukani haina harufu. Pasi iwe moto mpaka tone la maji liruke. Ukichelewa kuviringisha sekunde tatu, imekwisha, inakuvunjikia mkononi."

Sigrun alimkodolea macho baba yake, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kushika hata mwiko. Ndipo alipoviona vidole vyake. Ncha zote zilikuwa na alama nyekundu za kuungua, nyingine mbichi, nyingine zimeanza kupona.

Ingunn akaweka kikombe chini. "Mzee Oddvar, yale maneno matatu."

Oddvar akainamia meza. Ilionekana wazi kwamba hatafuti kitu kichwani, anatafuta njia ya kutokea.

"Daraja," akasema. "Sufu. Njegere."

"Na mia ukitoa saba?"

"Tisini na tatu. Themanini na sita. Sabini na tisa. Niendelee?"

Ingunn akasema inatosha. Akaeleza bila ukali kwamba mtu mwenye ugonjwa wa kusahau hukosea ovyo, mara apate, mara akose. Mzee hakupata hata moja, na kukosa yote namna hiyo kunahitaji akili nzuri sana. Borghild alikuwa amewasikiliza wote kwa tabasamu la mwenye nyumba. Akasimama, akasema ngoja awaletee kahawa. Birika lilikuwa mezani mbele yake, linafuka mvuke. Akalipita, akaingia jikoni.

Tangu lini, akauliza Sigrun.

Oddvar akaeleza. Majira ya baridi mawili nyuma Borghild alirudi kutoka dukani, akasimama njiani na mfuko wake, hajui nyumba ipi ni yake. Oddvar alipomfuata, Borghild alimshika ukosi wa koti akalia. Mama yake Borghild alifia kwenye chumba kilichofungwa kwa ufunguo, hamtambui hata binti yake. Akamwambia Oddvar asimwambie mtu, hata Sigrun. Tangu siku hiyo kila alichokiharibu Borghild, mumewe alikibeba. Miwani, viazi, gari. Mwanzo Borghild alijua anabebewa. Baadaye akaamini kweli mgonjwa ni Oddvar, akaanza kumsemea kwenye simu, na mzee hakuona sababu ya kubisha. Biskuti alizioka wakati mkewe amelala mchana, halafu akamwachia kazi ya kunyunyiza sukari juu, ili akitazama mikebe aone ni ya kwake.

"Na leo?" Sigrun akauliza. "Leo ulitaka nini, baba?"

"Nilidhani wakiona ni mimi, wataleta mtu wa kusaidia humu ndani. Angekuja kwa jina langu, akamwangalia yeye. Mimi sina aibu, mwanangu. Aseme mtu atakavyo."

Sigrun akafungua mkoba, akatoa ile barua, akaiweka mezani baina ya vikombe. Oddvar akavaa miwani, akaisoma, akarudi juu akaisoma tena.

"Tarehe tano," akasema. "Mimi?"

"Wewe, baba."

"Na yeye?"

"Alisema atajimudu."

"Peke yake? Na jiko?"

Sigrun akaitikia kwa kichwa. Hakuweza kumtazama.

"Tungemuua," akasema Oddvar. "Mimi na wewe, Sigrun. Mimi kwa uongo wangu na wewe kwa karatasi zako."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Sigrun zaidi. Sigrun akachukua barua, akaichana mara mbili, vipande akavitia mfukoni. Kilichokuwa kimebaki, mama kupimwa, akakiona waziwazi, na kilimtisha kuliko barua.

Borghild akarudi mikono mitupu. Akauliza kama mgeni amepewa kahawa. Ingunn akasema amepewa, na ni nzuri, akamwomba akae kidogo, ana maswali machache kwake pia. Borghild akacheka, akamwonyesha Oddvar kwa kidevu: mgonjwa si huyu hapa? Lakini mgeni ni mgeni. Akakaa, akalainisha aproni mapajani. Ingunn akampa maneno yake matatu, mlango, bata, asali, naye akayarudia vizuri, hata kwa madaha. Wakaongea habari ya theluji. Wakaongea habari ya kivuko kipya. Kisha Ingunn akamwomba yale maneno.

Borghild akamgeukia mumewe, kama alivyomgeukia kila siku kwa miaka miwili.

"Mzee," akasema Ingunn taratibu, "leo usimsaidie."

Midomo ya Oddvar ilikwisha funguka. Sigrun alilitarajia neno litoke. Mzee akaifumba, akaifunika kwa mkono, vile vidole vilivyoungua vikibana shavu. Borghild akangoja. Tabasamu likabaki, likapungua, likaondoka. Akamtazama usoni, jicho moja hadi lingine, na hofu ikamwingia polepole mpaka Sigrun akashindwa kuvumilia, akamshika mkono. Borghild hakuuhisi. Alikuwa anamwangalia Oddvar tu.

"Oddvar," akanong'ona, "kwani na wewe umesahau?"