Alama Kavu Mgongoni mwa Farasi

Kila jioni Hafsa alimvua farasi tandiko na kutazama jasho. Alifundishwa hivyo kwenye hoteli ya ufukweni alikokuwa akifagia uwanja wa farasi. Hoteli ilipofungwa, mjomba wake Pazi alimnunua farasi huyo abebe korosho hapo Mchinga. Tandiko likikaa vizuri, mgongo wote hulowa sawasawa. Likibana, panapobanwa hubaki pakavu.

Jioni hiyo palikuwa na alama kavu katikati, pana kama sinia, imeelemea kushoto. Magunia yalikuwa yamening'inia ubavuni, na katikati hakupanda mtu. Hafsa alimtilia shaka Yasini, mtoto wa mjomba.

"Umempanda farasi?"

"Mimi? Nikimwona huyo napanda mti," alisema Yasini. "Labda wewe, unavyomkumbatia kama mchumba."

Asubuhi Hafsa alimtandika mwenyewe, bila mzigo, akajaribu kupitisha vidole chini ya tandiko, pale mabegani. Havikupita. Alipoinama alisikia harufu ya mafuta ya karafuu ambayo mama yake alikuwa akijichulia nyonga. Mama alikuwa amezikwa tangu masika. Kwa sababu ya nyonga hiyo, maisha yake yote alikaa upande, akielemea kushoto.

"Mama, nyanyuka kidogo."

Tandiko likanyanyuka, vidole vikapita. Kushoto bado palibana.

Hafsa akaona afadhali aulize. Baada ya mazishi mjomba alisema marehemu alimpa mikorosho yake kwa mdomo, wakiwa wawili tu chumbani. Hafsa hakuwahi kuliamini neno hilo, ila mjomba ni mjomba, haulizwi.

"Mama, mikorosho ulimpa kaka yako?"

Farasi akaondoka bila kuongozwa. Shambani aliipita mikorosho ya mjomba, akasimama chini ya kila mkorosho aliopanda mama, na hakusogea mpaka Hafsa auguse shina. Majirani waliokuwa wakipalilia wakainuka kutazama.

"Shikamoo, dada," Bi Mwahija aliliambia tandiko. "Nyonga inaendeleaje?" Kisha akamgeukia Hafsa. "Haya, mama yako kasema ni yako. Sote tumeona."

Mjomba naye aliona. Alimzunguka farasi, akalibonyeza tandiko, akaguna.

"Kakaa upande. Atamchubua farasi wangu. Hafsa, shona kimto cha sufi, uweke huku kushoto."

"Na mikorosho, mjomba?"

"Kwani mikorosho inachubuka?"

Bi Mwahija aliinama akaendelea kupalilia, na wengine wakafuata. Hafsa alishona kimto. Asingeshona, farasi angetoka kidonda, na mama angekaa vibaya.

Msimu wa korosho ulipofunguliwa mjomba aliokota hata za mikorosho ya mama, akafunga gunia zito zaidi upande wa kulia, mzigo ulingane na dada yake, akamwongoza farasi hadi ghalani. Mpimaji alishusha magunia, akalitazama tandiko.

"Mzee Pazi, na mama huyu?"

"Huyo hapimwi," alisema mjomba. "Anasindikiza tu."