Migongo Mlangoni

Jumamosi asubuhi Wachuka alikuwa amepiga magoti jikoni mwa nyumba isiyo yake, akinusa sinki. Sinki halikunuka. Aliinuka, akafungua dirisha, akaona kishamba cha nyuma ambako wapangaji wa zamani walikuwa wameacha sukuma wiki iliyorefuka mpaka kiunoni. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, sebule na choo cha ndani. Huko Karatina yeye, mumewe Gatimu na binti yao Lynn walilala chumba kimoja nyuma ya soko, pazia likitenganisha kitanda na jiko, na mwenye ploti alikuwa ameshawaambia wapangaji wote watafute kwingine kwa sababu anabomoa ajenge ghorofa.

Nyumba hii ilikuwa ya kiwanda cha mablanketi cha Ruthanji. Zamani Ruthanji ulikuwa mji wa watu: kulikuwa na benki, sinema, na timu ya mpira iliyofungana na timu za Nyeri bila aibu. Kiwanda kilipofungwa mji ulikauka kama mto usio na chemchemi. Maduka yakageuka mazizi ya mbuzi. Sasa mwenye kiwanda, Bwana Kihara, alikuwa amekifungua tena, amekipaka rangi mpya, na alimpa nyumba bure mtu yeyote atakayekubali kuhamia na kufanya kazi. Gatimu hakuwa ameajiriwa tangu duka la vifaa vya ujenzi alikokuwa akipakia saruji lifungwe. Alfajiri hiyo alikwenda kiwandani kujaribiwa. Kazi ya usalama, ndivyo alivyoambiwa kwa simu. Wakiridhika, yeye na kazi, naye Wachuka na nyumba, wangehama Jumatatu na kumchukua Lynn kwa nyanya yake.

Wachuka alijaribu komeo la choo. Komeo liliingia, likatulia kidogo, kisha likarudi lenyewe. Alikwenda mlango wa mbele. Ufunguo ulizunguka vizuri, na alipouchomoa mlango ukafunguka taratibu kama mtu anayepiga miayo. Akatoa mkobani kufuli jipya alilolinunua Karatina, akalifunga kwenye mlango wa nyuma. Likaanguka sakafuni, likiwa wazi.

"Usijichokeshe, mama," sauti ilisema. "Hodi. Hapa hakuna kitu inafungika."

Alikuwa mwanamke mzee wa nyumba ya pili, Beth, amebeba thamosi ya chai kwa mkono mmoja na sahani ya nduma kwa mkono wa pili. Aliingia, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamweleza Wachuka mambo ya mji kama vile mtu anavyomweleza mgeni ni bomba gani lina maji. Benki ilihamisha sefu yake kwa sababu kila asubuhi waliikuta wazi, pesa zote zikiwamo, na meneja alisema jambo hilo linawavunja wateja moyo. Kituo cha polisi huwaomba waliokamatwa wasubiri ndani, na wengi husubiri. Anayeoga huimba, ili watu wajue. Wezi walikuja mwanzoni, wakaiba kidogo, kisha wakaona kazi hiyo haina utamu wakarudi kwao.

"Na ilianza lini, shosho?"

"Baada ya moto."

Beth alimimina chai kwanza.

"Kihara alikuwa anafungia watu ndani na kufuli. Ati wanaiba blanketi. Mtu akitaka kwenda nje lazima atafutwe mwenye ufunguo. Hiyo siku, mchana, waya za stima zikalipuka, moto ikashika sufu. Mwenye ufunguo alikuwa ameenda kula Karatina. Sisi tulikuwa huku nje tunasikia wakigonga. Msichana wangu Waithira alikuwa ndani. Nilijua ni yeye, alikuwa anagonga na kiatu."

Wachuka alikuwa ameshika kikombe bila kunywa.

"Nani alishtakiwa?"

"Fundi wa stima."

"Akafungwa?"

"Alikuwa amekufa ndani na hao wengine. Korti ikasema ni makosa yake, faili ikaisha."

Siku ya mazishi, Beth alisema, kufuli la kiwanda lilianguka lenyewe majivuni, na kufikia jioni hakukuwa na kufuli lililokuwa likishika Ruthanji nzima, hata la baiskeli. Watu walizoea. Beth mwenyewe hakuona shida yoyote; ni vizuri, alisema, kulala mahali ambapo unaweza kutoka.

Wachuka naye hakushangazwa na milango. Kilichomkaa kooni kilikuwa kitu kingine.

"Na huyu Kihara wa sasa, ni huyo huyo?"

"Ni huyo huyo. Ameongeza kitambi peke yake."

"Sasa kama hakuna kitu inafungika, baba Lynn ameandikwa kulinda nini?"

Beth aliifunika thamosi yake.

"Nenda ukaone. Mimi hiyo barabara siipiti."

Wachuka alienda. Barabara ilipita kati ya nyumba tupu ambazo milango yake ilikuwa wazi, na ndani ya sebule mbili tatu ng'ombe walikuwa wamelala wakicheua. Alizisikia mashine kabla ya kuliona jengo. Ukuta ulikuwa mweupe, na juu yake paliandikwa kwa herufi za bluu: SISI NI FAMILIA.

Mlango mkubwa wa kiwanda ulikuwa wa mbao na chuma, mpana kiasi cha kuingiza lori. Wanaume walikuwa wamejipanga mbele yake, bega kwa bega, migongo yao imeegemea mlango na visigino vyao vimechimba ardhi. Walikuwa wakizungumza habari za mpira. Gatimu alikuwa katikati. Mara kwa mara mlango uliwasukuma, si kwa nguvu, kama ng'ombe anavyomsukuma mtu anayemkamua, nao wakausukuma kuurudisha bila kukatiza maneno yao.

"Mama Lynn!" Gatimu aliita kwa furaha. "Umeona nyumba? Iko sawa?"

"Nyumba iko sawa. Hii ndiyo kazi?"

"Ndiyo hii. Haina shida hata kidogo. Ni kuegemea tu."

Wenzake walimweleza mengine, mmoja akidakia mwingine. Kihara alikuwa amejaribu kila kitu. Makufuli kutoka ng'ambo yalianguka. Alichomelea vyuma, vyuma vikaachiana. Akauziba mlango kwa mawe mpaka juu. Kesho yake mlango ukawa pale pale ukutani, wazi, na mawe yamepangwa vizuri pembeni. Ndipo akagundua kwa bahati kwamba mtu akiegemea, mlango hukaa. Mbao zilikataa, chuma kikakataa, jiwe likakataa. Mgongo wa mtu ukakubali.

Kutoka ndani mtu aligonga. Aligonga kwa adabu, kama mtu aliye mlangoni kwa jirani.

"Mnifungulie kidogo," sauti ya mwanamke ilisema. "Naskia kizunguzungu. Hewa hakuna huku."

Wanaume waliacha habari za mpira. Hakuna aliyesogea. Gatimu alitazama viatu vyake.

"Ananigongea hapa," alisema polepole, akijigusa kiunoni kwa nyuma. "Tangu asubuhi ananigonga hapa hapa."

Bwana Kihara alikuja akitafuna kijiti cha meno. Alikuwa mtu wa tabasamu. Alimpa Wachuka mkono, akamkaribisha Ruthanji, akamuuliza kama ameipenda bustani.

"Kuna mtu anataka kutoka," Wachuka alisema.

"Saa kumi watatoka wote. Mashine ikisimama, mama, hii mji inakufa tena. Unataka tufe?"

"Mmefungia watu."

"Hapana." Kihara aliupitisha mkono kuuonyesha mlango wote, juu mpaka chini. "Angalia vizuri. Unaona kufuli? Unaona komeo? Wakaguzi walikuja wakaangalia, wakaandika hakuna kufuli. Mimi siwezi kufungia mtu tena. Sheria inakataa, na hata milango inakataa. Hawa vijana wanapumzisha mgongo."

Hasira ilimpanda Wachuka kutoka miguuni. Hakupiga kelele. Alimpita Kihara kama anavyopitwa mbwa wa mtu, akasimama mbele ya mumewe, karibu sana.

"Toka hapo."

"Mama Lynn, tutaenda wapi? Mwezi ukiisha tunabomolewa." Alionyesha kwa kidevu. Nyasini, nje ya kivuli cha ukuta, wanaume wengine walikuwa wamekaa wakisubiri, wamevaa makoti yao mazuri. "Hata nikitoka mimi, mlango haitafunguka. Kuna hao."

"Nimewaona. Toka."

"Lynn atakuwa na chumba chake."

"Na akikua ataandikwa kazi wapi? Si ni huko ndani? Na wewe utakuwa umeegemea hapa, ukimsikia."

Mwanamke aligonga tena, safari hii chini zaidi, kama mtu aliyekwisha kaa sakafuni. Gatimu alifumba macho. Kisha akatoka.

Mlango ulifunguka upana wa kiganja. Mkono ukatokeza, umejaa manyoya ya sufu mpaka kiwikoni, ukipapasa hewa. Wachuka aliushika. Ulikuwa wa baridi na wenye nguvu, nao ukamshika barabara. Alivuta. Kupitia ufa aliona sehemu ya uso, jicho moja na kinywa kilichokuwa kikivuta pumzi.

"Vuta na wewe!" alimwambia Gatimu, naye akaja akavuta.

Lakini mwanamume mmoja alikuwa ameshainuka kutoka nyasini. Alikunja koti lake, akaliweka chini, akaingia mahali palipoachwa.

"Pole, mama," alimwambia Wachuka. "Niko na watoto."

Aliegemea. Wachuka alimpiga kifuani kwa ngumi, tena na tena, naye akakubali kupigwa, macho yake yakitazama mlimani. Ufa ulipungua. Vidole vikaachia vyenyewe, kimoja kimoja, mkono ukarudi ndani kwa uangalifu ili usibanwe. Mlango ukafika mahali pake. Bwana Kihara alikuwa ameshaondoka. Alikuwa na wageni ofisini.

Wachuka na Gatimu walishuka hadi barabara kuu bila kurudi kwenye ile nyumba. Walisimama kungoja gari la kwenda Karatina. Gatimu alinyoosha mgongo, akaupapasa, akavuta pumzi ndefu.

"Angalau tumetoka," alisema.

"Sisi tulikuwa nje," Wachuka alimjibu. "Yeye ndiye hajatoka."