Mkono wa Shingoni

Mvumo ulirudi wiki tatu baada ya msiba, siku Kinyozi alipolishika gitaa kwa mara ya kwanza tangu amzike mkewe. Marehemu alimwachia ombi moja tu, naye akakubali: aurekodi ule wimbo wao, amtumie binti yao aliye ng'ambo. Basi akachomeka gitaa na maikrofoni kwenye kompyuta pale chumbani, akavaa hedifoni, akabonyeza. Mmmmm. Utadhani nyuki kafungiwa ndani ya kopo.

Akaanza kuhangaika. Akazima friji, akazima feni, akazima taa. Akabadilisha waya wa gitaa. Simu akaipeleka mpaka jikoni. Mvumo uko pale pale, haujali. Mtu mzima akakaa kitandani akalia, na msimcheke, aliyevaa kiatu ndiye ajuaye kinapombana.

Maana mvumo ule haukuwa mgeni. Miaka kumi na mmoja nyuma, mkewe ndiye aliyeupatia dawa, tena kwa bahati. Alileta chai, akaegemea kwenye gitaa, mkono mmoja ukagusa chuma cha plagi ya waya wa gitaa na mwingine ukamshika mumewe shingoni. Kelele ikakatika. Tangu siku hiyo, kila wimbo ukirekodiwa, mama wa watu yuko kwenye kigoda nyuma ya mumewe, mkono huu kwenye plagi, huu shingoni. Na Kinyozi huyu, anayecheka na wateja kutwa nzima, akishika gitaa alikuwa mkali kama pilipili. Watoto nje, wageni nje, mlango ufungwe.

"Usipumue kwa nguvu," alikuwa akimwambia. "Maikrofoni inakusikia."

"Haya, baba," mkewe hujibu. "Nitapumua kesho."

Gitaa lenyewe hakuna aliyeruhusiwa kulifungua. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, ni fundi redio. Mwanzoni aliomba mara ngapi alitazame, akaambiwa ashughulike na redio zake. Sasa maji yamezidi unga. Kinyozi akalibeba mwenyewe mpaka kibandani kwa fundi.

"Shemeji, nimenyoosha mikono."

Fundi hakumtania. Akalegeza skrubu, akainua kifuniko, wala hakutafuta. Kidole kilikwenda moja kwa moja kwenye kiwaya chembamba kilichoachia pale kilipounganishwa na chuma kinachoshika nyuzi.

"Huyu hapa mchawi wako. Tone moja la lehemu, dakika tano, yameisha."

"Umemwonaje upesi hivyo?"

Fundi akaweka bisibisi chini. "Nilimwona mwaka ule ule wa kwanza, shemeji. Dada aliniletea hili gitaa siku moja ukiwa kazini."

"Na hukuunga?"

"Alinikataza. Nimeshapasha moto kila kitu, akaniambia funga. Alisema, 'Kutwa ana vichwa vya watu mikononi, akirudi anajifungia na gitaa. Ukiunga huo waya, na mimi nitaambiwa nitoke nje kama wengine.'"

Aibu na uchungu vilimpanda Kinyozi kwa pamoja. Miaka yote ile mwanamke amekalia kigoda kisicho na mgongo, hata mwaka wa mwisho kiuno kikimuuma, na yeye anamhesabia pumzi zake kuwa kosa. Angemwambia tu mkewe, kaa hapa na mimi. Hakumwambia hata mara moja.

"Niunge au niache?" fundi aliuliza.

Alitamani kusema acha. Lakini mvumo usingeurudisha mkono, na ahadi ni deni.

"Unga," akasema. "Alitaka mtoto wake ausikie wimbo."

Alasiri ile akarekodi. Akajaribu kwanza bila kupiga, asikilize. Kimya. Kimya kisafi alichokitafuta ujana wake wote, na akakichukia. Akavua hedifoni, akakiweka kigoda mahali pake nyuma yake, akaenda kufungua mlango, ukabaki wazi. Ndipo akaimba mpaka mwisho.

Kesho yake binti akapiga simu.

"Baba, wimbo umetoka vizuri sana. Ila nimesikia kuku, halafu nimesikia jirani anamwita mtu. Hukufunga mlango?"

"Sikufunga."

"Wewe, baba?"

"Nimeufunga sana, mwanangu. Mama yako alikuwa anataka kukaa na mimi tu, basi. Mpaka akatafuta hila ya kuingia."

Binti alikuwa analia, na pumzi zake zilikuja kwa nguvu kwenye simu, moja baada ya nyingine. Kinyozi akaikandamiza simu sikioni, akazisikiliza, na hakumwambia apunguze.